Fleti zinakuja kwetu, na mimi nina mizigo saba nyuma ya nyumba

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji, hapa kwetu Wakiso nje kidogo ya Kampala, juu kidogo ya Kyaliwajjala, na sijawahi kuona watu wamejaa hivo tangu ule mwaka walipokuja kugawa vyandarua. Watu walibeba viti vyao, vijana wakakaa juu ya boda zao, akina mama wa sokoni walifunga meza mapema, hata wale majirani wa mageti makubwa ambao sura zao hatuzijui, tunajua rangi ya magari yao tu, nao wakaja kwa miguu. Sababu ni ile ardhi ya eka mbili pale kwenye mafenesi.

Kwa asiyejua, ile ardhi ilikuwa ya familia moja tangu sisi tunahamia huku, watoto wetu wamecheza mpira pale, mbuzi wamefungwa pale, mimi mwenyewe nimekata njia pale usiku mara nyingi narudi na rolex yangu, chapati na mayai, mkononi. Miaka miwili nyuma ikauzwa. Likawekwa bango, limechorwa banglo nzuri nzuri, 14 kwa hesabu, kila moja na kigari chake na kibustani chake, tukasema sawa, majirani wa maana wanakuja. Alafu siku moja bango likashushwa likapanda lingine: majengo 6, kila jengo ghorofa 4, kila ghorofa fleti 4. Piga hesabu, ni fleti 96, pale pale kwenye mafenesi. Kwenye hilo bango jipya kuna mzungu anatembeza mbwa chini ya mnazi, manake aliyechora hajawahi kukanyaga Wakiso.

Basi kijiji kikawaka.

Mkutano ulianza kwa Kiganda kama kawaida, kwa heshima, ssebo huku nnyabo kule, lakini sehemu yetu hii ina watu wa kila aina, kuna watu wa Arua, kuna Wakongo, kuna familia mbili tatu za Wakenya, na kuna sisi watoto wa barakisi, zile kambi za polisi, ambao Kiswahili ndio lugha tuliyopigania nayo mpira. Kwa hiyo mambo yakipanda joto watu wanahamia Kiswahili, si unajua Uganda, kuna wengine bado wanakisikia kama lugha ya askari na majambazi, ukikianza tu mtu anakaa sawa. Serikali ilishapitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe mashuleni, lakini kwetu Kiswahili bado ni cha kugombana. Siku hiyo kiliingia dakika ya kumi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, akasema hawa watu 400 wataleta wezi. Hivo tu. Hakuwa na hesabu ya wezi ila alikuwa na uhakika. Akafuata mama wa saluni, akasema barabara, asubuhi tu kutoka hapa mpaka rundabauti ni vita, sasa ongeza magari 96. Afande mstaafu akasema transfoma, hii tuliyonayo inalipuka kila krismasi na watu wa Yaka, wale wa umeme, wakija wanaangalia juu wanatikisa kichwa wanaondoka. Hajati, ambaye ukuta wake unapakana na ile ardhi, akasema yeye hana maneno mengi, anataka tu kujua nani atakayekuwa anamchungulia akitawadha, kwa sababu bomba lake liko uani, na mtu wa ghorofa ya nne ataona mpaka sufuria zake. Watu wakacheka lakini yeye hakucheka, na kusema kweli kati ya maneno yote ya siku hiyo hilo la Hajati lilinikaa.

Alafu akasimama kijana mmoja akasema neno ambalo lilinyamazisha watu: tusije tukafanywa kama Nakawa. Kwa walio wadogo, mwaka 2011 watu waliokuwa wanaishi kwenye zile nyumba za Naguru na Nakawa walihamishwa, nyumba zikavunjwa, ahadi ikiwa mji mpya wa kisasa unajengwa pale, na miaka ikapita nyasi zikaota. Kila mtu wa Kampala akipita pale alikuwa anaangalia lile pori katikati ya mji. Sasa ukimwambia mtu wa Kampala maneno kama maendeleo na makazi ya kisasa, anaangalia kwanza njia ya kutokea. Kesi yetu si ile, hapa hakuna anayehamishwa, ardhi ilikuwa tupu na muuzaji aliuza kwa hiari na kyapa, yaani hati ya ardhi, kipo, lakini hofu haiulizi kesi ni ile au siyo.

Mimi nilikaa kimya. Na sababu ya kukaa kimya ni kwamba nilikuwa nimekaa na kalkuleta ya simu, na majibu yaliyotoka sikuyapenda.

Iko hivi. Ploti yangu ni ile ya kawaida, futi 50 kwa 100, baba alinunua akiwa bado polisi kidogo kidogo mpaka akamaliza. Mbele kuna nyumba yetu, mimi na mke wangu, watoto wanne, na mama, tuko 7. Nyuma kuna mizigo 7. Kwa msomaji wa nje ya Uganda, mzigo huku ni chumba kimoja cha kupanga, mtu anaishi na kitanda na jiko na watoto ndani ya chumba hicho hicho, jina limetoka kwenye Kiganda lakini sisi wa Kiswahili tunalisikia kama mzigo wa kubeba kichwani na wala hatujakosea sana. Ndani ya hiyo mizigo 7 nina watu 21, jumla kwenye ploti moja tuko 28. Eka mbili zikikatwa ploti kama yangu bila kuacha hata barabara zinatoka 17 na kidogo, zidisha kwa 28, unapata zaidi ya watu 480. Zile fleti 96, ukiweka watu wanne kila moja, ni 384.

Yani mimi niliyekuwa nimekuja kupinga msongamano, ploti yangu imesongamana kuliko hizo fleti. Na si mimi peke yangu. Nikaanza kuangalia nyuso kwenye ule mkutano, mwalimu mstaafu ana mizigo 5, mama wa saluni 6 na duka la mbele, Afande 10 na zingine anajenga kwa siri usiku, hata huyo mwenyekiti wa LC ana mistari miwili ya mizigo inayoangaliana kama madarasa. Hakuna aliyeleta bango. Hakuna aliyeitisha mkutano. Tuliongeza chumba kimoja ada za shule zikibana, kingine mvua ilipoharibu shamba kule kijijini, na mwisho wake mlima mzima umejaa watu na hakuna hata siku moja tuliyokaa tukaulizana maji machafu ya watu wote hawa yanaenda wapi.

Nilisimama nikasema hivo. Sikupigiwa makofi.

Ngoja niseme kidogo kuhusu mimi ili mnielewe. Mimi nimezaliwa barakisi ya polisi, ndani ya zile unipoti za mabati, za duara, ambazo mlango wake mfupi mpaka watu wakaziita mama ingia pole. Mchana ni oveni, usiku ni friji. Pazia moja linagawa upande wa wazazi na upande wa watoto na tulikuwa watoto watano. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wengi ni shida, namuelewa lakini namsikiliza kwa sikio moja, manake ile barakisi ilikuwa na watu mpaka basi, na mtoto akipotea anapatikana kabla ya chai, mama akiugua chakula kinatoka unipoti tatu tofauti. Kilichokuwa kinatuua ni foleni ya choo. Asubuhi unasimama na karatasi yako mkononi nyuma ya watu 15 na unaomba Mungu. Hicho ndicho ninachokikumbuka mpaka leo, si kelele wala kukosa nafasi, ni choo na bomba moja la maji.

Na kuhusu wageni, jamani sisi ni watu wa Namugongo. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanafurika hapa kwa ajili ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa hapa mwaka 1886, wanatoka Tanzania, Kenya, Kongo, Rwanda, wengine wanatembea kwa miguu wiki nzima, wanalala hadi kwenye mitaro. Umewahi kusikia mtu wa huku analalamika msongamano siku hiyo? Tunakodisha uwanja wa kupaki, tunauza maji, kuna jirani yangu anakodisha choo chake kwa kila anayeingia na anaita hiyo pesa baraka za Mashahidi. Watu laki kadhaa kwa siku moja ni baraka ila watu 384 wa kulipa kodi kila mwezi ni wezi? Aa, hapo hapana.

Kwa hiyo mimi upande wa idadi ya watu nilishajitoa. Kuna mtu ataniambia fleti zinageuka slamu. Si lazima. Nenda Bugolobi uangalie zile fleti za National Housing za miaka ya 70, watu wamezizarau weee, leo ukitaka moja ujipange. Ila Bugolobi iko kwenye bomba kuu la maji taka, na huku kwetu bomba hilo halijafika, na hapo ndipo mazungumzo yote yanapopaswa kuanzia.

Kampala na pembeni zake kwa sehemu kubwa tunaishi juu ya mashimo. Watu wengi hawalijui hili mpaka gari la kunyonya likwame getini kwao. Sehemu ndogo tu ya mji, katikati na maeneo machache ya zamani, ndiyo imeungwa kwenye bomba la maji taka, sisi wengine wote ni choo cha shimo au septiki, lile tangi la maji taka la chini ya ardhi, na kikijaa unaita gari linanyonya linapeleka Lubigi, ule mtambo uliofunguliwa 2014, au Bugolobi. Asiye na pesa ya gari anangoja mvua kubwa usiku na anafungua kidogo, na sote tunajua nani na nani. Yale maji yanashuka bondeni, bondeni kuna chemchemi ambayo bado watu wanachota wakati bomba limekauka. Mimi na huyo jirani anayefungua usiku tunasalimiana vizuri tu.

Sasa fleti 96. Mtu mwenye bomba ndani ya nyumba na choo cha kuflash, tuseme anatumia lita 80 kwa siku, na hapo nimemuonea huruma. Mara 384 ni lita elfu 30 na kitu, kila siku, Jumapili na krismasi pamoja. Gari la lita 5,000 lingehitaji safari 6 na zaidi kwa siku kuyaondoa yote. Haiwezekani, kwa hiyo lazima yanywewe na ardhi pale pale. Je ardhi itayanywa?

Hapa ndipo akaingia fundi bomba wetu. Huyu ni kijana anapanga kwangu, mzigo namba 3, mtu mpole, hata kodi akichelewesha anakuja kuomba radhi kabla sijajua kwamba imechelewa. Mwenye mradi alikuwa ametuma injinia, kijana amevaa zile buti mpya, akaeleza vizuri kabisa kwa michoro: kutakuwa na septiki kubwa na mashimo ya kunyonya, yale yanayoachia maji yanywewe na ardhi, kila kitu kiko kwa standadi. Watu wakaanza kutikisa kichwa kukubali, manake michoro ina nguvu yake. Fundi akanyoosha mkono. Akauliza, mkubwa wangu, mlipima ardhi inakunywa kwa kasi gani? Injinia akasema vipimo vya udongo vilifanyika. Fundi akasema hapana, vile ni vya kuangalia kama jengo litasimama, mimi nauliza vya kunywa.

Kumbe huyu bwana alikuwa ameshafanya yake. Siku mbili kabla alichimba shimo pale ukingoni mwa barabara, mita moja tu kutoka mpaka wa ile ardhi, akalijaza maji akaliacha linywe usiku mzima mpaka udongo ushibe, asubuhi akajaza tena akasimika kijiti chenye alama. Akatuambia twende. Mkutano wote ukainuka, wazee na viti vyao, tukazunguka shimo kama watu wa mazishi. Alijaza tena mbele yetu, jerikeni moja, akasema tuendelee na mkutano na turudi baada ya saa moja. Tulirudi. Maji yalikuwa hayajashuka hata upana wa kidole. Pale chini ya ule udongo mwekundu wa juu kuna mfinyanzi mzito, ndio maana zamani watu walikuwa wanachimba matofali hapo chini, Jaja mmoja, mzee wa siku nyingi, akakumbuka na kusema si niliwaambia, ingawa hakuwa ametuambia.

Injinia alifuta jasho akasema tutaliangalia. Mimi nilimheshimu kwa sababu hakubisha, angeweza kuleta Kiingereza kingi pale na watu wangenyamaza.

Kitu kingine ambacho watu hawakukiona mpaka kikahesabiwa ni mvua. Ile ardhi ya mafenesi imekuwa sponji yetu miaka yote hii na hatukujua. Eka mbili ni kama mita za mraba 8,000. Ukifunika asilimia 70 kwa mapaa na paveza, yale matofali ya kutandaza chini, mvua moja ya milimita 50, ambayo mwezi wa 4 au wa 11 kwetu si habari, inamwaga lita 280,000. Jerikeni 14,000 zinateremka kwa mkupuo kwenye kile kijitaro chetu ambacho nusu yake imezibwa na kaveera, mifuko ya plastiki, na nusu nyingine jirani amejengea ngazi. Anayekaa chini bondeni hata asiulize fleti zina ghorofa ngapi, aulize maji ya paa yanashikwa wapi. Nyumba ndefu yenye paa dogo inamwaga maji machache kuliko banglo 14 zilizotapakaa, hilo nalo watu hawakulitegemea, wakanitazama kana kwamba nimehongwa.

Na takataka. Baada ya lile jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua watu 35 au zaidi, mji mzima ulihangaika pa kutupa, na huku kwetu wiki zingine gari halikuja kabisa, watu wakachoma plastiki uani mpaka mama akapata kikohozi. Fleti 96 zinatoa takataka kwa fungu moja, sehemu moja, na gari linaweza kuja pale pale likabeba, kuliko kuzunguka mageti 30. Lakini lazima waweke hicho kichumba cha takataka kwenye ramani sasa hivi, na si kwenye mpaka wa Hajati.

Kuna vijana wawili kwenye mkutano ambao walikaa nyuma wamenyamaza muda wote, mmoja nesi na mwenzake anafanya kazi benki, wanapanga kwa mwalimu mstaafu. Mwisho yule nesi akaomba kusema, akasema kwa adabu, wazee wetu, mnasema watakaokuja ni watu gani, ni sisi. Mimi siwezi kununua ploti hapa, hata nikikaa na njaa miaka kumi, lakini fleti ya vyumba viwili kwa mkopo labda. Na ni kweli, tangu mwaka 2001 kuna sheria ya kondominiamu, mtu anaweza kuwa na hati ya fleti yake kwenye ghorofa ya tatu kama vile mwenzake ana kyapa cha ploti. Sensa ya 2024 ilituhesabu watu karibu milioni 46 nchi nzima, na hii wilaya yetu ya Wakiso peke yake zaidi ya milioni 3 wakati mwaka 2014 tulikuwa hatujafika hata 2. Watu wameshakuja, mwalimu wangu. Wanalala kwenye mizigo yetu.

Basi tukaamua tusiandike kwamba tunakataa. Hili lilichukua saa mbili na watu watatu waliondoka kwa hasira. Kuna sheria ya mipango miji ya 2010 na ile ya udhibiti wa ujenzi ya 2013, na kwa mujibu wake ghorofa kama hizi haziinuki bila kibali kutoka kamati ya manispaa, na zikiisha watu hawaruhusiwi kuhamia bila kibali kingine cha kukaa. Wengi wetu tulidhani kibali ni karatasi ya mwenye mradi tu. Kumbe pale ndipo mahali pa kuweka maneno yetu, kwa maandishi, na muhuri wa LC, kabla jembe halijagonga ardhi. Ukishaona kreni umechelewa, utabaki kupiga kelele na kuitwa mpinga maendeleo.

Tukaandika kurasa mbili. Kuhusu lita elfu 30 kwa siku na lile shimo la fundi, na picha ya kijiti. Kuhusu maji ya mvua. Kuhusu transfoma yao wenyewe wasije wakaning'inia kwenye yetu. Kuhusu Hajati, aya nzima. Wezi hatukuwaandika, mwalimu alilalamika lakini tulimwambia mwizi hana sehemu kwenye fomu.

Jumapili hii iliyopita wakarudi, safari hii mwenye mradi mwenyewe alikuja, mama wa makamo, mkavu kidogo lakini msikivu. Ramani imebadilika. Chini kabisa ya ardhi kumewekwa mtambo mdogo wa kusafisha maji taka badala ya mashimo ya kunyonya, na maji yakisafishwa yatatumika kuflash vyoo na kumwagilia, alisema imempandishia gharama mpaka amelia, hatukumuonea huruma. Chini ya pakingi kuna tangi la kushika mvua na kuiachia polepole. Jengo la upande wa Hajati limeshuka kutoka ghorofa 4 mpaka 2, kwa hiyo fleti zimekuwa 88, na madirisha ya upande ule yamepandishwa juu karibu na dari. Hajati aliishika ile ramani kwa muda mrefu, akaigeuza, akauliza, na kwenye ngazi je? Ngazi zilikuwa zinatazama kwake. Yule mama akatoa kalamu akachora ukuta pale pale mbele yetu. Mpaka sasa Hajati anatembea na nakala kwenye mkoba.

Barabara bado. Mwenye mradi anasema barabara ni ya manispaa, mtu wa manispaa anasema haiko kwenye bajeti ya mwaka huu, na sisi tunasema basi malori ya mchanga yasipite usiku na mwisho wa ujenzi mrudishe maramu, ule udongo wa barabara, kama mlivyoikuta, wakacheka kwa sababu jinsi walivyoikuta ni mashimo. Pakingi pia tumebishana, wao wana nafasi 60, mama wa saluni anasema zilizobaki 28 zitalala mbele ya duka lake. Mimi nadhani nusu ya hao watu watapanda boda na taksi kama sisi, lakini ni kudhani tu. Tutakutana tena mwezi ujao.

Nilirudi nyumbani Jumapili jioni nikiwa najisikia mtu mkubwa. Nimewaambia watu ukweli, nimesaidia kuandika, hata mke wangu alinikaangia samaki.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa. Wapangaji wangu, wote saba, wamesimama kwa mstari, na mbele yao fundi bomba na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Samahani mzee, akasema, tumekaa jana usiku tukaandika na sisi. Ilikuwa na mambo matatu na sahihi saba, moja ni dole gumba. Vyoo viwili kwa watu 21 havitoshi. Shimo linajaa kabla ya miezi minne na harufu inaingia mzigo namba 6 na 7 ambako kuna mtoto mchanga. Na maji ya kufulia yanapita mlangoni kwa namba 1 kwa sababu hakuna mtaro. Wameandika vizuri, wamenakili mpaka vichwa vya habari vya ile barua yetu, pale tulipoandika "Kwa mwenye mradi" wao wameandika "Kwa mwenye nyumba".

Nikawaambia nimepokea, nitaliangalia. Nikasikia sauti yangu na nikamkumbuka injinia wa buti mpya.

Mama alikuwa ameshatoka nje na kikombe chake, akasoma ile karatasi polepole, mama aliyelea watoto watano ndani ya unipoti, akanirudishia bila neno akaenda kuwasha jiko. Nikamuuliza fundi septiki ya kweli ya watu 28 inaweza kuwa bei gani. Akasema hawezi kusema mpaka apime ardhi ya huku nyuma, labda ni mfinyanzi ule ule, labda siyo, ila kupima ni bure. Kesho asubuhi anachimba, kati ya jiko la mama na choo, na nimeona kile kijiti chenye alama ameshakiegemeza ukutani.